Kaskazi mgongoni: kutoka Maskati hadi Salalah kwa pikipiki

Mtu anayetaka kufika Salalah, kusini ya Oman, haraka kutoka Maskati hupita bara. Hupitia Nizwa na Adam, kisha hushika barabara iliyonyooka kama uzi katikati ya jangwa, akaiacha Haima nyuma, akaiacha Thumrait, na baada ya kilomita zipatazo 1,000 huiona bahari tena. Kwa mwenye gari zuri ni safari ya siku moja. Mimi Januari hii nilipita pwani, njia ndefu zaidi na yenye vituo vichache, nikiwa peke yangu juu ya pikipiki, na sababu yenyewe, nikiitamka mbele ya watu wazima, huonekana ya kitoto. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi. Alipokuwa akituhadithia pale Unguja, alisema kuwa chombo kikishatoka bandari ya Sur na kaskazi ikashika, nahodha hana haja ya kuijua njia, kwa kuwa pepo yenyewe inaijua. Nchi iliyokuwa ikipita upande wa kulia wa chombo hakuipa jina zaidi ya “bara jeupe”, na sikumsikia hata siku moja akitamani kushuka huko. Nimeishi Maskati miaka tisa sasa. Nilitaka kuliona bara hilo jeupe, na nilitaka kulipita kwa pepo ile ile.

Msomaji wa mbali na bahari huenda akashangaa nikisema kuwa nilikwenda kusini kwa kaskazi. Kwetu pwani, kaskazi na kusi ni pepo kwanza, dira baadaye. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ikitoka kaskazini-mashariki, na ndiyo iliyokuwa ikishusha vyombo vya Uarabuni hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi huja baadaye na kuvirudisha. Majina ya pande za dunia tuliyofundishwa shuleni yametokana na pepo hizo.

Pikipiki yangu ni Royal Enfield Himalayan ya cc 411, chombo kizito kisicho na mbio, chenye silinda moja, tangi la lita 15 na magurudumu ya spoku yanayotumia tyubu. Nilibeba tyubu mbili, pampu ya mkono, vyuma vya kutolea tairi, spana, kebo ya klachi ya akiba, mafuta ya mnyororo, maji lita 10, kidumu cha petroli cha lita tano, hema dogo, tende na birika la kahawa. Mke wangu hakupinga safari, ila alitoa sharti: kila jioni nimtumie ujumbe wa mahali nilipo, na zikipita saa 24 bila ujumbe atapiga simu polisi. Sharti hilo lilinisumbua zaidi kuliko mchanga, maana iko mikoa huko ambako simu haikamati kitu kwa nusu siku nzima, na mara mbili nilitoka njiani kupanda kilima kwa ajili ya kutafuta mtandao tu.

Kutoka Maskati hadi Sur hakuna la kusimulia sana. Ni barabara kuu nzuri, milima mikavu mkono wa kulia na bahari mkono wa kushoto. Nilisimama Qalhat, ambako mji uliokuwa bandari kubwa na kutembelewa na msafiri Ibn Battuta katika karne ya 14, kisha ukachomwa na Wareno mwaka 1508, umebaki mawe yaliyotawanyika na kaburi moja lenye kuba lililovunjika, linaloitwa la Bibi Maryam. Mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa nimeyajua tangu utotoni. Yanabomoka kwa namna ile ile yanavyobomoka yetu.

Sur nilikaa siku mbili. Hapo imewekwa nchi kavu Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililoundwa mjini humo mwaka 1951, likafanya kazi baharini miaka mingi, kisha wenyeji wakalinunua kutoka Yemen na kulirudisha nyumbani mwaka 1993. Nilikuwa nimesimama chini ya tezi yake yenye nakshi, nikizungumza na mke wangu kwa simu, mara sauti nyuma yangu ikasema kwa Kiswahili safi, “Mtoto wa Unguja huyo.” Nikageuka. Alikuwa mzee wa makamo ya miaka themanini, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, bakora mkononi.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mwanangu. Wenda wapi na mzigo wote huo?”

Nikamwambia nakwenda Salalah kwa njia ya pwani. Hakuitazama pikipiki; alitazama bendera iliyokuwa juu ya jengo la pili.

“Pepo iko nyuma yako, utafika inshallah. Na kurudi?”

Nikamjibu kuwa nitarudi kwa njia ya bara, baada ya siku kumi.

“Siku kumi!” Akacheka mpaka akashika bakora kwa mikono miwili. “Sisi tulikuwa tukirudi baada ya miezi mitano. Na hatukuwa wajinga.”

Alizaliwa Unguja, akaondoka kijana baada ya mapinduzi ya 1964, na alifika Sur baada ya 1970, wakati Sultani Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa Afrika Mashariki. Watu wa namna yake wako wengi hapa, na ndiyo maana mtu anaweza kuishi Maskati wiki nzima kwa Kiswahili kitupu akijua maduka ya kwenda. Alinichukua kwake. Tulikula samaki wa kupaka, na alinionyesha boriti za dari la nyumba ya zamani ya baba yake, mikoko iliyokatwa Rufiji na kuletwa kwa jahazi, bado imara.

Hata hivyo siwezi kuandika habari za Sur kana kwamba bahari ile ilipitisha tende na boriti tu. Bibi yangu alipotaka tuingie ndani magharibi, alitutisha kwa kusema Wasuri watatuchukua. Kitisho hicho alikirithi. Katika karne ya 19 vyombo vilivyoshuka na kaskazi vilijulikana Unguja kwa kuiba watoto na watumwa, na magendo yaliendelea hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Mbele ya sahani ya mwenyeji wangu sikulitaja jambo hilo. Nililifikiria usiku, nikiwa nimelala chini ya boriti zile.

Kutoka Maskati hadi Ras al-Hadd pwani ya Oman huelekea kusini-mashariki. Hapo, na katika Ras al-Jinz iliyo jirani yake, ambako Bara Arabu linaishia upande wa mashariki na kasa hupanda ufukweni kutaga, ardhi hukata kona na kuelekea kusini-magharibi. Kaskazi iliyokuwa ikinipiga ubavuni ikahamia mgongoni. Ambaye hajaendesha pikipiki na upepo wa nyuma hawezi kujua ukimya wake. Kofia huacha kuvuma. Unasikia mnyororo ukizunguka, unasikia mzigo ukisuguana na kiti, na joto la injini, ambalo siku zote hupeperushwa nyuma, hupanda taratibu hadi magotini kwa sababu hewa inayoipoza imepungua. Wakati mwingine unanusa moshi wako mwenyewe. Mchanga hutambaa juu ya lami kwa mistari myembamba kama nyoka weupe, nao unakwenda upande unaokwenda wewe, kwa mwendo karibu na wako, hata ukadhani barabara ndiyo inayorudi nyuma.

Baada ya Al Ashkharah barabara hupita kati ya bahari na matuta ya mchanga wa Sharqiya. Kuna mahali ambapo matuta yamefika ufukweni kabisa, na mchanga wa zamani, ulioshikana kwa chokaa ya makombe, umekuwa jiwe linalovunjwa na mawimbi. Magreda husafisha lami kila mara, lakini upepo haulali, na nyuma ya kona unaweza kukuta rundo la mchanga limekata njia nzima. Hapo dawa ni kusimama juu ya vikanyagio, kulegeza mikono, kutogusa breki ya mbele na kuendelea kutia mafuta, ingawa kila kiungo cha mwili kinakusihi ufunge. Nilianguka mara moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kioo cha kushoto kikavunjika. Jioni nilipopiga hesabu ya mafuta niliona kuwa lita moja imenipeleka kilomita 33. Nyumbani sijawahi kupita 28. Nikajiona fundi. Hesabu hiyo niliiandika kwenye daftari, na ndiyo iliyokuja kuniponza.

Kusini ya hapo kuna Barr al-Hikman, rasi bapa ya matope, nyasi za bahari na chumvi, ambayo majira ya baridi hupokea mamia ya maelfu ya ndege wanaohama. Niliingia huko kutoka upande wa kijiji cha Filim kwa ajili ya heroe, na kwa ajili ya ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye nimemwona pia kwenye fukwe za Unguja maji yanapokupwa. Nilimwona. Nilikuwa bado nikimtazama kwa furaha wakati gurudumu la nyuma lilipozama.

Ardhi ya namna ile Waarabu huiita sabkha. Kwa juu ni ganda la chumvi gumu, jeupe, linalotoa mlio mkavu chini ya tairi. Chini yake ni tope ambalo maji ya bahari hayaliachi likauke. Ganda hubeba mtu, hubeba mbuzi, na kwa umbali fulani lilibeba pikipiki yenye mzigo. Lilipochoka, halikutoa onyo. Nilipunguza upepo wa matairi, kisha nikafanya kosa la kutia gesi, na gurudumu likajichimbia hadi mnyororo ukafunikwa. Nikashusha mizigo yote, nikailaza pikipiki ubavu, nikajaza shimo kwa mikono, nikaisimamisha, ikazama tena pembeni. Saa mbili zilipita hivyo. Waliokuja ni wavuvi watatu kutoka Bangladesh waliokuwa wakirudi na pikapu yao kwenye njia ngumu, mita 200 kutoka nilipokuwa. Hawakuingiza gari. Walikuja kwa miguu wakibeba ubao na wavu mkuukuu, wakautandika wavu chini ya gurudumu, na wote wanne tukaivuta pikipiki kinyumenyume hadi penye alama za magari. Mkubwa wao, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza na changu kisichomzidi sana, alinionyesha alama hizo za matairi zilivyojipinda huku na huku pasipo sababu ya kuonekana, akasema kila pindo ni gari lililowahi kuzama. Tulikunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi mno. Mnyororo niliuosha kwa lita nne za maji yangu ya kunywa, kwa kuwa chumvi haisubiri.

Duqm nililala, nikajaza tangi, nikaondoka. Kuna bandari mpya, kiwanda cha kusafisha mafuta, na barabara pana zenye taa zinazosubiri magari ambayo bado hayajaja.

Sehemu iliyonishinda maneno ni kutoka Shuwaymiyah hadi Hasik. Milima ya chokaa imesimama wima juu ya bahari, na kabla ya barabara ya sasa kuchongwa gari halikuweza kupita; mtu wa Shuwaymiyah aliyetaka kumzuru jamaa yake Hasik kwa gari alilazimika kuzunguka bara mamia ya kilomita. Sasa lami hupanda kwa kona za kubana, ikakatiza ukuta wa mwamba, ikashuka karibu na maji. Kwenye mabonde kuna miti ya ubani, mifupi, yenye gome linalobanduka kama karatasi, na makovu ya visu vya misimu iliyopita. Tangu utotoni nimefukizwa ubani huu siku za Ijumaa, nao nikidhani unatoka dukani Darajani.

Mbele ya pwani hiyo, kiasi cha kilomita 40 baharini, viko visiwa vya Khuriya Muriya. Vumbi la siku ile liliviziba, lakini nilisimama kuvitafuta kwa sababu ya kisa cha 1503. Mreno Vasco da Gama alipoondoka Bahari ya Hindi katika safari yake ya pili, aliwaacha nyuma wajomba zake wawili, Vicente na Brás Sodré, wakiwa na vyombo vya kivita. Walitia nanga penye visiwa hivi. Wavuvi wa hapo waliwaonya kuwa pepo kali ya kaskazini inakuja na wahamie upande wa pili wa kisiwa. Vyombo vidogo vilihama. Ndugu wale wawili walibaki, wakitegemea nanga zao za chuma, na pepo ikaja ikavipiga vyombo vyao kwenye mwamba. Vicente alizama pamoja na chombo chake, Esmeralda. Mabaki yanayoaminika kuwa ya chombo hicho yalitangazwa mwaka 2016, na miongoni mwa vitu vilivyookotwa ni kengele na astrolabu, kifaa cha mabaharia cha kupimia nyota. Nilikula tende zangu hapo ukingoni, nikawacheka Wareno.

Mirbat, Taqah, kisha Salalah. Ukiingia Salalah kutoka upande huu, baada ya siku saba za rangi mbili tu, unakutana na mashamba ya minazi, migomba na mipapai kando ya barabara, na vibanda ambamo mtu anakufungulia dafu kwa panga pasipo kukuuliza maswali. Nilikunywa manne mfululizo. Milima ya nyuma ya mji ilikuwa ya kahawia, kwa kuwa kijani chake huletwa na kusi, ile ile ya kwetu, ambayo kuanzia Juni hadi Septemba hutundika mawingu na manyunyu juu ya mkoa huu wa Dhofar huku bara lote la Uarabuni likiungua. Mwenye kibanda aliniuliza kama Unguja kuna madafu. Nilishindwa nianzie wapi.

Hapo ndipo nilipogawa kidumu changu cha petroli. Nilikuwa nimekibeba pwani nzima bila kukifungua ila mara moja, kilikuwa kizito, kilinuka, na njia ya bara ina vituo. Kijana wa gereji alikifurahia.

Upo upepo mwingine ambao babu hakuwahi kunitajia, labda kwa sababu si wa mwendo bali wa kukimbiwa. Wenyeji huuita balat. Katika miezi ya baridi hushuka kutoka jangwani, kaskazini, ukiwa na vumbi, na huweza kuvuma siku kadhaa. Ulinikuta baada ya Thumrait, juu ya uwanda usio na mti wala jiwe la kuuvunja, na barabara yenyewe inaelekea kaskazini-mashariki moja kwa moja. Kila lori lililokuja mbele yangu lilisukuma ukuta wa hewa ulionirusha nusu ya njia. Gia ya tano haikushika. Nilikwenda kwa ya nne, nimelala juu ya tangi, nikiwa na daftari mfukoni linalosema kilomita 33 kwa lita. Nilipofika Qatbit kipimo kilionyesha karibu nusu. Kituo kilikuwa na foleni ya malori. Nikapiga hesabu kichwani kwa namba za kaskazi, nikaona inatosha, nikapita.

Injini ilianza kukohoa jua likiwa limeinama, ikazimika. Niliitikisa pikipiki kushoto na kulia nikisikia kama kuna kitu tangini, na hakukuwa na kitu. Malori yote yanatumia dizeli. Nilikaa upande wa pikipiki ulio kinyume na upepo, kitambaa usoni, na ulipopita muda wa kama saa moja pikapu iliyobeba majani ya ngamia ilipunguza mwendo, ikageuka, ikarudi. Mzee wa Kibedui akashuka, akanisalimia kwa ukamilifu, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za safari, kana kwamba tumekutana sebuleni kwake, na ndipo akauliza pikipiki ina nini. Alikuwa na dumu la petroli ya jenereta yake. Alimimina nusu. Nilipotoa pesa aliukunja mkono wangu akaurudisha, akatazama upande upepo unakotoka, akaniuliza kwa Kiarabu, “Nani amekulazimisha leo?”

Sikuwa na jibu. Nilifika Haima usiku nikiwa na mchanga masikioni, nikachukua chumba, nikamtumia mke wangu ujumbe zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya muda wa sharti lake kuisha. Asubuhi nilitoka nje nikiwa nimevaa kila kitu. Bendera ya kituo cha mafuta ilikuwa imenyooka kuelekea kusini, inapiga kelele kama turubai. Nikarudi ndani, nikavua.

Nilikaa siku mbili. Uwanda ulio mashariki ya Haima ni Jiddat al-Harasis, ambako choroa weupe, wanyama wa jamii ya swala, waliokuwa wametoweka porini kabisa, walirudishwa mwaka 1982. Hifadhi yao iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, na mwaka 2007 ikawa ya kwanza kabisa kufutwa humo, baada ya serikali kupunguza eneo lake kwa asilimia 90. Mgahawa wa chini ulikuwa na picha ya choroa juu ya jokofu la soda. Nilikunywa chai chini yake na madereva wa malori, nikasafisha kichujio cha hewa mara mbili, nikabana spoku nne zilizolegea, na nikafuta katika daftari ule mstari wa kilomita 33. Kazini nilituma ujumbe kuwa nitachelewa. Waliuliza sababu, nikaandika: upepo.

Siku ya tatu alfajiri niliamshwa na ukimya. Bendera ilikuwa imelala juu ya mlingoti wake. Nikajaza tangi mpaka shingoni, nikanunua kidumu kipya, nikavaa glavu.